Redio ya zamani inakwaruza na kukoroma: namna ya kutafuta ubovu na kuutengeneza

Chota kiganja cha mchanga mweusi pembeni mwa barabara yoyote ya Goma, pitisha sumaku juu yake, utaona chembe kadhaa zikirukia sumaku na kung'ang'ania kama kupe. Ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya miamba ya volkano, yaliyosagwa na matairi na miguu ya watu. Sasa, nyuma ya kila spika kuna sumaku, na mbele yake kuna matundu tu au kitambaa kilichochakaa. Redio iliyokaa miaka ishirini kwenye rafu ya duka la Birere imekuwa ikivuta vumbi hilo usiku na mchana. Ndiyo maana hapa kwetu redio ikianza kukwaruza, mshukiwa wa kwanza ni spika. Wa pili ni mawe ya redio yaliyochoka (mapile, kama wengi wanavyosema hapa) au umeme unaoyumba. Wa tatu ni kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizokauka. Transista (vipande vya miguu mitatu vinavyokuza sauti) na aisii (vipande vyeusi vyenye transista nyingi ndani), ambazo fundi chipukizi huzikimbilia, ziko nyuma kabisa kwenye foleni.

Maelezo haya yanahusu zaidi redio za transista zinazotumia mawe makubwa manne au sita, na mwishoni kidogo redio za taa (zinazotumia taa za kioo badala ya transista) zilizobaki katika nyumba za wazee.

Vifaa si vingi. Multimita hata ya bei ndogo, chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 30, risasi nyembamba ya kulehemu, alkoli ya digrii 90 kutoka duka la dawa, brashi ya rangi iliyo laini, wembe, gundi nyeupe ya mbao, karatasi ya kubandika ya mafundi rangi, na kipande cha filamu ya zamani ya eksirei (matumizi yake yako chini). Weka akiba ya kapasita elektroliti (zile zenye upande chanya na upande hasi) za volti 16: mikrofaradi (µF) 10, 100, 220 na 470, mbili mbili. Ongeza moja ya µF 1000 ya volti 25, kapasita ndogo ya nanofaradi 100, na rezista za omu 10 na kiloomu 10. Spika moja nzima ya omu 8 yenye nyaya mbili zilizofungwa vibanio ni ya lazima. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Sikiliza kabla ya kufungua

Mwenye redio akifika atasema tu "inaongea vibaya". Muulize: "Mama, inaongea vibaya tangu unaiwasha, ama ikishapata moto?" Jibu hilo peke yake linaweza kuokoa saa mbili za kazi. Kisha washa mwenyewe, tafuta stesheni yenye mtu anayezungumza bila muziki, na usikilize sauti ikiwa chini kabisa, ikiwa katikati, na ikiwa juu.

Sauti ikikwaruza inapokuwa chini lakini ikasafika ukiipandisha, ubovu uko kwenye transista mbili za mwisho: hazipewi mkondo wa kutosha wa kukaa tayari, kwa hiyo kila wimbi la sauti linapovuka kutoka transista moja kwenda nyingine linakatika katikati. Ikiwa kinyume chake, yaani safi ikiwa chini na kupasuka ikiwa juu, anza na mawe. Mkwaruzo unaotokea kwenye besi au sauti nzito ya mwanamume, na ukabaki vilevile hata ukicheza na kitufe cha sauti, ni wa spika. Redio inayoanza vizuri kisha ikaharibika baada ya dakika kumi au ishirini ina kitu kinachovuja kikipata joto. Ikikwaruza tu wakati unazungusha kitufe, ni potenshometa (rezista inayozungushwa na kitufe hicho) chafu. Na kama ni stesheni moja tu inayosumbua huku nyingine zikiwa safi, usiguse upande wa sauti hata kidogo.

Umeme

Kosa linalorudiwa kila siku ni kupima jiwe likiwa nje ya redio. Jiwe lililochoka likiwa halifanyi kazi linaweza kuonyesha volti 1.4 likakudanganya. Pima likiwa kazini: redio imewashwa, sauti iko juu. Mawe manne mapya ni volti 6. Zikishuka chini ya 4.5 kila besi inapopiga, mawe yamekwisha, hata kama redio bado inaongea. Transista za mwisho zinakosa volti za kusukuma spika mpaka mwisho, vilele vya mawimbi vinakatwa, na sikio linasikia kupasuka.

Pima pia mahali pa pili: penye saketi, baada ya swichi. Tofauti kati ya mawe na saketi ikizidi volti 0.2, tatizo ni springi zenye kutu au swichi iliyooza. Kwenye mawe ya kawaida, yaani yale ya zinki na kaboni, uji unaovuja ni wa asidi, kwa hiyo ufute kwa kijiko cha magadi ya kuokea mikate (baikaboneti) kilichokorogwa na maji kidogo. Mawe ya alkali huacha unga mweupe ambao hutoka kwa siki au ndimu. Malizia na alkoli, kausha, kisha kwangua springi mpaka chuma king'ae.

Ndani, pembeni mwa nyaya zinazotoka kwenye mawe, kuna kapasita kubwa ya µF 220 au 470 iliyounganishwa kati ya chanya na hasi ya mawe. Ikikauka, redio hukoroma, na pengine hupiga "put-put-put" kama mtumbwi wenye injini ukiondoka gatini. Huhitaji kuitoa ili kuijaribu. Shika kapasita mpya ya µF 470 sambamba nayo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, redio ikiwa inaongea. Sauti ikisafika, umeshapata jibu. Angalizo: redio nyingi za zamani zenye transista za jermaniamu zimeunganisha ardhi ya saketi (njia ya pamoja ya umeme wa saketi nzima) na upande chanya wa mawe, si hasi. Usikisie. Fuata alama zilizo kwenye mawe, kwa sababu elektroliti iliyogeuzwa inaweza kupasuka.

Redio inayotumia umeme wa nyumba iwekee mawe kwanza. Ikiwa safi kwa mawe na kunguruma kwa umeme, badilisha kapasita ya µF 1000 iliyo baada ya diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Jioni, mtaa mzima unapopika na umeme ukashuka mbali chini ya volti 220, hata trafo nzima (ile inayoshusha umeme wa nyumba) itatoa volti pungufu. Hapo hakuna cha kutengeneza ndani ya redio.

Kata redio vipande viwili

Chomeka spika ya masikio. Sauti ikiwa safi masikioni na mbovu kwenye spika, washukiwa wakuu wamebaki wawili: spika yenyewe, au tundu la kuchomekea. Ndani ya tundu hilo kuna ulimi wa shaba unaopitisha sauti kwenda kwenye spika wakati hakuna kilichochomekwa, nao hushika kutu. Tia matone mawili ya alkoli, chomeka na kuchomoa mara kumi na tano. Ni dawa ya dakika moja, na mara nyingi inatosha.

Sauti ikiwa mbovu pande zote mbili, tumia simu. Redio iwe ya mawe, isichomekwe kwenye umeme. Kwenye potenshometa ya sauti kuna miguu mitatu: mmoja umeungwa na ardhi ya saketi, wa katikati unakwenda kwenye kikuza sauti, na wa tatu unaleta sauti kutoka kwenye upande wa kupokea. Unganisha ardhi ya waya wa simu na ardhi ya redio. Waya wa sauti upitishe kwenye kapasita ya nanofaradi 100 na rezista ya kiloomu 10 vikiwa vimefuatana, kisha uguse mguu wa tatu. Weka sauti ya simu robo, zungusha kitufe cha kutafutia hadi mahali pasipo na stesheni, cheza wimbo. Wimbo ukitoka safi, ubovu uko upande wa kupokea. Ukitoka umekwaruzwa, uko kwenye kikuza sauti. Sasa nusu ya redio imeondoka mezani.

Spika

Ifungue, weka alama kwenye nyaya zake, tenga waya mmoja. Multimita kwenye omu: spika ya omu 8 husoma kati ya 6.5 na 7.5, ya omu 4 husoma kama 3.5. Isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika) imekatika. Kisha iunganishe spika yako ya majaribio kwenye redio. Sauti ikiwa safi, kesi imekwisha: mgonjwa ni spika.

Weka vidole gumba viwili kwenye karatasi ya spika, pande mbili zinazotazamana, sukuma taratibu kama milimita mbili, huku sikio liko karibu. Spika nzima haitoi sauti yoyote. Ikitoa mlio wa mchanga chini ya kiatu, chembe za chuma zimeingia katika pengo la sumaku, mahali koili inapopanda na kushuka. Pengo hilo ni la sehemu chache za kumi za milimita. Chembe moja inatosha kuharibu sauti yote.

Usipulize kwa mdomo: mate yanaleta kutu. Usitumie pampu pia, maana upepo unazisukuma chembe ndani zaidi. Safisha meza kwanza, pasiwe na vipande vya chuma. Katikati ya spika kuna kikofia kidogo cha karatasi au kitambaa. Kikate kwa wembe mpya kuzunguka robo tatu ya ukingo wake, ukiacha robo moja kama bawaba, uwe mwangalifu usiguse nyaya mbili nyembamba zinazopita kwenye karatasi. Kifunue. Utaona nguzo ya chuma katikati, na kuizunguka mfereji mwembamba: huo ndio pengo. Kata filamu ya eksirei upana wa milimita 5, izungushie karatasi ya kubandika, upande wa gundi ukiwa nje, ichomeke kwenye pengo mpaka chini, ivute. Itatoka na nywele nyeusi za chembe zilizosimama wima kwa nguvu ya sumaku. Badilisha karatasi, sogea kidogo, rudia. Duru nzima inaweza kuchukua vipande kumi na viwili. Unamaliza pale karatasi inapotoka nyeupe, si pale unapochoka.

Mkwaruzo ukibaki baada ya usafi huo, huenda koili imelala upande mmoja kwa uzito wa miaka. Kwa spika ndogo ya mviringo kuna ujanja wa zamani: izungushe nusu duara unapoirudisha, ile sehemu iliyokuwa juu iwe chini, ili uzito uanze kuivuta upande wa pili. Haifanyi kazi kila mara, lakini haigharimu kitu. Gundisha kikofia kwa ukingo mwembamba wa gundi, acha ikauke usiku kucha.

Karatasi iliyopasuka tibu kwa karatasi laini ya chooni, tabaka moja, na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bandika mbele na nyuma. Gundi ile inayoshika papo hapo iache: inakauka ngumu kama kioo, karatasi inapasuka tena pembeni yake.

Kama lazima ubadilishe spika, weka omu zilezile. Spika ya omu 4 mahali pa 8 itazidisha mkondo karibu maradufu, na transista za mwisho zinaweza kuungua. Kabla ya kufunga, bandika kipande cha soksi ya nailoni nyuma ya matundu ya mbele. Sauti inapita, mchanga unabaki nje.

Kikuza sauti cha transista

Angalia transista mbili za mwisho. Kama hakuna trafo kati yao na spika, bali kapasita ya µF 220 hadi 470, pima volti mahali transista hizo zinapokutana. Panapaswa kuwa nusu ya volti za mawe: 3 kwa mawe manne, 4.5 kwa redio ya volti 9. Ukikuta 4.8 kwenye redio ya volti 6, upande mmoja wa wimbi hauna nafasi, na utakatwa mapema. Inua mguu mmoja wa kila kapasita ya µF 10 inayoingia kwenye hatua hizo, kisha pima volti tena. Inayovuja huharibu volti kimya kimya, na jaribio la kushika kapasita nyingine sambamba haliwezi kuigundua.

Redio za zamani zaidi zina trafo mbili ndogo na transista kama AC128 mbili. Gusa zote mbili baada ya dakika tano: moja ya moto na nyingine baridi maana yake moja haifanyi kazi, na unasikia nusu tu ya wimbi. Kwa zile zinazokwaruza sauti ikiwa chini, shusha sauti hadi sifuri upime kati ya miguu miwili ya transista: besi (mguu unaopokea sauti, si sauti nzito) na emita. Transista ya jermaniamu inataka volti 0.1 hadi 0.2. Ukikuta sifuri, fuata rezista zinazoleta volti hiyo. Moja imekatika au imepanda thamani, au diodi ndogo iliyo pembeni imeshikana ndani.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. AC128 hazipatikani kirahisi, kwa hiyo fundi anaweka transista za silikoni zilizopo dukani. Redio inaongea, mteja anaondoka, kesho yake anarudi: inakwaruza kuliko mwanzo. Silikoni inataka volti 0.6 ili ifunguke, na saketi ile inatoa 0.15 tu. Ama utafute jermaniamu kutoka kwenye redio iliyokufa, mbili zinazofanana, ama ubadilishe pia rezista za besi mpaka volti zifike, ukizisogeza kidogo kidogo huku mita ya miliampea ikiwa kwenye waya wa mawe. Redio ndogo iliyonyamaza hula miliampea 10 hadi 15. Ikipita 30, simama: transista zinajipasha moto zenyewe, na zikizidi kupata moto zitazidi kula. Unapolehemu jermaniamu, shika mguu wake kwa koleo ndogo na usizidishe sekunde tatu.

Kwenye aisii kanuni ni ileile ya nusu. LM386 ipime mguu wa 5. TDA2822M miguu ya 1 na 3. Ukipata mbali na nusu, toa kwanza kapasita inayokwenda kwenye spika, pima tena. Zikirudi nusu, kapasita ndiyo mbovu na aisii ni nzima. Aisii inayochemka bila sababu na kutoa sauti yenye ukungu, angalia rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 47 zilizo kwenye mlango wake wa kutokea. Zikikatika, aisii inaweza kupiga mluzi wa juu usiosikika na sikio.

Redio za taa

Humo kuna volti 250 na zaidi, na kapasita zake zinabaki na umeme baada ya kuchomoa. Zimwage kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 yenye mishikio iliyofunikwa, kisha hakikisha kwa mita. Redio zenye taa zinazoanza na herufi U (UCH81, UL84) mara nyingi hazina trafo ya kutenganisha, na sahani yake ya chuma inaweza kuwa na umeme wa nyumba. Usiye na trafo ya kutenganisha usizifungue.

Kwa EL84, taa ya mwisho inayosukuma spika, pima gridi (mlango wa kuingilia sauti), mguu wa 2, kwa dakika kumi. Inatakiwa iwe sifuri au chini kidogo ya sifuri. Ikipanda taratibu hadi volti 1 au 2 chanya, kapasita ya nanofaradi 10 hadi 22 inayotoka kwenye taa inayoitangulia inavuja. Ndiyo sababu sauti inaanza safi kisha inaharibika. Weka mpya ya volti 630. Katodi, mguu wa 3, ikaribie volti 7. Kama gridi inapanda hata ukiinua kapasita hiyo, taa yenyewe imechoka.

Upande wa kupokea

Hapa ni haraka. Sauti ya "s" inayochanika kwenye FM ni stesheni isiyokaa katikati, sogeza kidogo. Kama nyumba iko karibu na mnara na stesheni kali ndizo zinazopasuka, fupisha antena. Ikiwa AM ndiyo inayopasuka kwa stesheni kali tu, badilisha kapasita ya µF 10 iliyo baada ya diodi ya kugundua sauti: kazi yake ni kusaidia redio kujipunguza nguvu, na ikikauka haijipunguzi tena. Diodi yenyewe, OA79 au AA119, ipime pande zote mbili; ikisoma sawa pande zote, imekufa.

Ukimaliza, potenshometa ipate matone mawili ya alkoli na kuzungushwa mara ishirini, nyaya za spika zirudi kwenye alama zake, kisha pima miliampea sauti ikiwa sifuri, na redio iachwe iongee nusu saa stesheni ya mazungumzo, sauti ikiwa chini. Shusha sauti hadi sifuri, pima tena miliampea. Zikibaki pale pale zilipokuwa mwanzoni, funga skrubu, ndefu zikienda kwenye matundu ya nyuma ili zisitoboe ubao wa saketi.